Sura ya Sita: Mdai wa Arobaini na Mbili

Mwizi hapaki grisi mahali alipoiba. Hilo ndilo lililomkera Paskazia tangu alipoinama kuchungulia tumbo la mashine, asubuhi ya Jumatano, upepo wa Juni ukipuliza vumbi la Kizota kupitia chini ya mlango.

Mashine ilikuwa ya kukamua alizeti, kubwa, ya kizamani, imetengenezwa wakati watu walikuwa bado wanatengeneza vitu vya kudumu. Katikati yake palikuwa na pengo la duara, upana wa sahani ya wali. Hapo palikuwa na giya. Boliti zake nne zilikuwa zimerudishwa kila moja tundu lake na kukazwa kwa vidole ili zisipotee. Ekseli iliyobaki wazi ilikuwa imepakwa grisi nzito, kisha ikavikwa kitambaa cheupe na kufungwa fundo safi kama kilemba. Juu ya kitambaa palikuwa na vumbi.

“Umeona nini, mama?” aliuliza Thobias, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa.

“Nimeona kazi nzuri.”

“Kazi nzuri! Mtu katung’olea roho ya kiwanda, wewe unamsifu?”

“Simsifu. Namsoma.” Paskazia alijinyanyua kwa kushika bomba, magoti yakilalamika. Miaka ishirini na sita alikuwa mpelelezi wa polisi, akastaafu na cheo cha sajini meja, na magoti hayo. Sasa alikodishwa na watu kama Thobias kutafuta mali za kampuni zilizoelemewa na madeni. “Mwizi wa chuma chakavu hukata kwa msumeno. Huyu kafungua kwa spana yenye saizi yake. Na hakufanya hivyo wiki hii wala mwezi huu. Tazama vumbi.”

Thobias alitazama vumbi bila mapenzi. Alikuwa wakili wa miaka arobaini, suti ya kijivu, viatu vilivyokwisha kukata tamaa ya kung’aa Dodoma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye tarehe. Mahakama Kuu ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa kampuni ya mafuta ya marehemu Mzee Swalihu, na watu wa mjini, ambao hawana muda wa kutofautisha mambo, walimwita mfilisi. Alikuwa amechoka kuwaeleza kwamba mfilisi huja kuzika kampuni, msimamizi huja kuiuguza.

Na mgonjwa huyu alikuwa amebakiza siku mbili. Ijumaa saa nne wadai wote wangekutana kupiga kura juu ya mpango wa Thobias: kiwanda kifunguliwe, msimu wa alizeti umewadia, wakulima wana magunia, kikamue na kulipa polepole. Benki, mdai mkubwa kuliko wote, ilikuwa imesema haitainua mkono mpaka ione mashine ikikamua kwa macho yake. Isipokamua, Thobias angerudi kwa jaji kukiri kwamba hakuna tumaini, na hapo angekuja mfilisi wa kweli: chuma kwa kilo, majengo kwa mnada, na wafanyakazi hamsini na wanane kila mmoja na lake.

“Giya nyingine?” aliuliza Paskazia, ingawa jibu alishalijua.

“Kuagiza ni miezi mitatu. Mafundi wa mjini wanasema wanaweza kuchonga, lakini wapate ya zamani waifuatishe. Yaani nipate iliyopotea ili nitengeneze iliyopotea.”

“Basi tuitafute hiyo.” Alifungua fundo la kitambaa taratibu, akakikung’uta na kukikunja ndani ya bahasha. “Niitie mlinzi.”

Mudrick, mlinzi, kijana wa miaka thelathini mwenye koti la baridi lililomzidi, alikuja amebeba daftari la getini kifuani kama mtu anayekwenda kujitetea mbele ya kadhi. Alikuwa ameshasikia kwamba Thobias anataka kumpeleka polisi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Keti. Chumba hiki kina funguo ngapi?”

“Mbili. Moja ninayo mimi, ya pili alikuwa nayo fundi mkuu, Mzee Batholomeo. Mahakama ilipofunga geti na watu wakapewa likizo, alinikabidhi ya kwake, akaenda kwao Bahi. Nimeandika, mama, na saini yake hii hapa.”

“Mashine ilikamua mara ya mwisho lini?”

“Machi tarehe saba, Jumamosi. Jumapili usiku mzee akafariki, Jumatatu tukazika. Tangu hapo haijaguswa. Mbegu zilikuwa zimekwisha.”

“Siku ya mazishi ulikuwa getini?”

Mudrick aliinamisha kichwa. “Nilikwenda kuzika, mama. Geti nililiacha na kufuli tu. Mzee Swalihu ndiye aliyenioza mke, ningekaa getini?”

Paskazia alilipokea daftari kutoka mikononi mwake. Akalifungua. Thobias, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, ndiye aliyeuona mstari wa kwanza wenye harufu: Machi kumi na moja, saa kumi na mbili jioni, lori la Nasri wa Chemba, mzigo mzito, haukukaguliwa.

“Huyo hapo!” alisema Thobias. “Siku mbili baada ya mazishi! Mama, kikulacho ki nguoni mwako. Mlinzi na mwenye lori.”

Mudrick aligeuka rangi. “Nilikuwa na msiba, bosi. Sikuwa na moyo wa kupanda juu ya lori.”

“Haraka haraka haina baraka,” alisema Paskazia, akatoa simu. Alimpigia kwanza karani wa kizuizi cha ushuru njia ya Chemba, ambaye aliwahi kumsaidia kesi ya ng’ombe, na kumwomba apekue daftari lake la Machi. Karani alikuta lori lile: turubai lilifunguliwa, mzigo ulihesabiwa wote, mashudu magunia sitini, hakuna kingine. Kisha akampigia Nasri mwenyewe, mfanyabiashara wa mifugo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea mnadani.

“Giya?” alinguruma Nasri. “Mama, mimi nilibeba mashudu ya kulishia ng’ombe. Ng’ombe wangu hawali giya. Na mashudu yenyewe nilikuwa nimelipia marehemu yu hai; nilikuja kuchukua kwa aibu, msiba bado mbichi. Mwambieni binti yake, Salha, pole.”

Paskazia akakata simu, akachora mstari juu ya jina la lori.

“Mudrick, swali la mwisho. Tangu geti lifungwe, nani wamefika hapa?”

“Wadai tu, mama. Bosi alibandika tangazo: yeyote anayedai asichukue kitu wala asiingie, ajaze fomu. Nikawapa fomu wote waliofika. Wauza magunia, watu wa umeme, mama wa chakula, Mzee Batholomeo, wenye malori…”

“Asante. Nenda kanywe chai. Hakuna anayekupeleka polisi leo.”

Thobias alisubiri mlango ufungwe. “Leo?”

“Na kesho pia, ukinisikiliza.”

*

Nyumba ya Mzee Swalihu ilikuwa Majengo, yenye baraza la saruji lililosuguliwa na makalio ya vizazi vinne. Salha, mwanawe wa pekee, alikuja mchana akitokea kazini Mtumba, kitambulisho cha wizara bado kinaning’inia shingoni juu ya hijabu. Alikuwa na miaka thelathini na minne na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu Machi. Ndiye mkurugenzi pekee aliyebaki. Ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba kampuni iwekwe chini ya usimamizi kabla wadai hawajaigawana vipande. Kwa jambo hilo, baadhi ya wazee wa mtaa walikuwa wanasema amemshitaki baba yake kaburini. Aliyajua hayo. Lisemwalo barazani hufika jikoni.

“Shikamoo, mama. Mmepata chochote?”

“Marahaba, mwanangu. Tumepata hiki.” Paskazia alikitoa kitambaa, akakitandaza mapajani.

Salha alikigusa kwa ncha ya kidole. Kisha akakinusa, ingawa kilinuka grisi tu.

“Ni bafta,” alisema. “Hii ni sanda ya baba.”

“Bafta iko kila duka.”

“Si hii. Tazama ukingoni, uzi wa buluu. Nilinunua mwenyewe asubuhi ile. Muuzaji alikuwa na za aina mbili, nikachukua ya ghali. Baba angenigombeza.” Aliingia ndani, kisanduku kikagonga, akarudi na kipande kilichobaki. Viliwekwa pamoja juu ya kigoda. Uzi uleule wa buluu, upana uleule, na pale kimoja kilipochanika kwa mkono, cha pili kilipokea.

Paskazia alihisi ule mwasho mdogo wa raha ambao pensheni haikumnyang’anya. Sasa alikuwa na siku. Giya iliondolewa Jumatatu tarehe tisa, siku ya mazishi, au muda mfupi baada yake, na mtu aliyekuwa amesimama karibu na sanda.

“Nani alishika kitambaa kilichobaki?”

“Kilikuwa barazani, juu ya kiti. Shekhe na mjomba walikata sanda, iliyobaki wakaiacha pale. Halafu watani wakaichana wakajifunga vichwani, ikawa vurugu.”

“Watani gani?”

“Wagogo. Sisi asili yetu Wanyamwezi, mama. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya pembe, akaugua hapa, wenzake wakamwacha, akaoa. Tumekuwa watu wa mjini, lakini msibani watani hawasahau. Walizuia jeneza mlangoni wakidai hongo. Wakachukua sufuria, wakachukua beseni, wakachukua kiatu kimoja cha mjomba.”

“Vilikombolewa?”

“Shangazi Swaumu alivikomboa vyote jioni ileile.”

“Vyote?”

Salha alifikiri. “Vyote vilivyojulikana.”

Kwao Paskazia ni Kagera, na watani wa kwao ni wengine. Lakini msiba wa watani alikuwa ameuona mara nyingi, akiwa polisi wa kupangiwa kila mkoa. Anayechukua kitu msibani hakiibi. Hukishikilia, ili wafiwa walazimike kumfuata, wacheke, wamlipe kitu kidogo, mambo yaishe kabla ya arobaini.

“Arobaini ya mzee mlifanyaje?”

“Kisomo tu, ndani, watu kumi.” Sauti ya Salha ilishuka. “Amri ya mahakama ilikuwa imetoka siku tatu nyuma. Wadai walikuwa wanapita hapa kila saa. Niliona aibu kuwaita watu wale pilau kwangu huku nadaiwa. Sikumwita mtu.”

Paskazia alikunja kitambaa. Alichokuwa anafikiri kilikuwa bado dhana, na dhana haiwashi mashine.

*

Ofisi ya Thobias ilikuwa chumba cha karani wa zamani pale kiwandani. Fomu za wadai zilikuwa kwenye faili mbili. Faili nene lilikuwa na arobaini na moja, zilizokubaliwa. Faili jembamba lilikuwa na karatasi moja.

“Hiyo usijisumbue,” alisema Thobias bila kuinua macho. “Kuna mtu alitufanyia mzaha.”

Paskazia alivaa miwani. Mwandiko ulikuwa wa shule ya zamani, herufi zimenyooka kama askari wa gwaride, na ulikuwa umejaza kila mstari bila kuruka hata mmoja.

*Jina la mdai: Batholomeo, fundi mkuu.*

*Unadai nini: Jogoo mmoja mweupe, na tusi moja la haja kutoka kwa mtoto wa marehemu.*

*Sababu ya deni: Msiba.*

*Je, unashikilia dhamana yoyote ya kampuni: Ndiyo. Imefungwa vizuri. Inapakwa mafuta kila Jumamosi.*

Chini yake palikuwa na mhuri mwekundu: IMEKATALIWA, SI DENI.

Paskazia alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Katika miaka yote ile alikuwa ameona watu wakificha vitu chini ya mahindi, ndani ya pumba, hata ndani ya godoro la mgonjwa. Hakuwa amewahi kuona mtu aliyejisalimisha mwenyewe kwa maandishi, kwenye fomu ya serikali, na kuambiwa haikubaliki.

“Thobias, mdai wako huyu amekuambia tangu Aprili giya iko wapi. Ukampigia mhuri.”

Wakili aliisoma mara mbili. Mara ya pili alikaa chini.

“Yaani yule mzee… Lakini kwa nini asiseme wazi?”

“Mtani hasemi. Hufuatwa. Alingoja arobaini aje akombolewe, akafika getini akakuta tangazo lako: anayedai asiingie, ajaze fomu. Mzee wa watu akajaza. Umemkataa, akarudi kwao na dhamana yake, kama sheria inavyotaka.”

Thobias aliiendea simu. “Napiga polisi Bahi. Wakamkamate, walete giya leo hii.”

“Piga,” alisema Paskazia. “Wataileta. Wataiandika kielelezo namba moja, wataifungia stoo ya kituo mpaka kesi iishe. Nimefanya kazi hiyo ya stoo. Kuna baiskeli nimeiacha pale ina mti umeota katikati.”

Mkono wa Thobias ulibaki juu ya simu, kisha ukaondoka polepole.

“Basi tumlipe jogoo wake.” Alisema hivyo, halafu uso ukamsawajika. “Siwezi. Siruhusiwi kumlipa mdai mmoja kabla ya wengine bila idhini ya jaji. Hata kuku.”

“Nani kakuambia utalipa wewe? Hapo ulipatia kwenye mhuri: si deni la kampuni.” Paskazia alichukua mkoba wake. “Ni la Salha.”

*

Salha na Paskazia waliondoka alfajiri ya Alhamisi kwa gari la Paskazia, wakanunua jogoo njiani, sokoni Kigwe. Weupe walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na manyoya mekundu chini ya bawa, Salha akamwacha, akamchukua mwenye ukali. Njia nzima jogoo aliwapigia kelele kutoka nyuma.

“Mama,” alisema Salha walipoanza kuona majaruba ya Bahi, mpunga umeshavunwa na ng’ombe wametawanyika kwenye mabua. “Jogoo ninaye. Tusi sina.”

“Huna hata moja?”

“Sijawahi kumtukana mtu mzima. Baba ndiye aliyekuwa anajua. Walikuwa wakitukanana asubuhi hadi jioni, yeye na Mzee Batholomeo, nikidhani siku moja watashikana mashati. Mimi nilipelekwa shule ya bweni, nikarudi najua kusema samahani tu.”

“Litakuja,” alisema Paskazia, ambaye hakuwa na uhakika. Alijua tu kwamba mkutano ni kesho saa nne, na kwamba mzee wa namna ile hatatoa kitu kwa tusi la kuazima.

Kijana wa bodaboda aliwaongoza mpaka nyumba ya bati yenye ua wa miiba. Mzee Batholomeo alikuwa nje, juu ya kigoda, akinoa jembe. Alikuwa na miaka sabini na moja, mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa kizamani, na mikono iliyoingiwa na weusi wa grisi usiotoka tena. Alipomwona Salha akishuka na jogoo kwapani, aliweka jembe chini. Lakini hakusimama.

“Mbukwenyi!” alisalimia kwa Kigogo. “Naona msafara. Wapagazi wawili, mmoja kabeba kuku.”

“Shikamoo, mzee,” alianza Paskazia.

“Marahaba. Wewe mgeni wangu, kaa kivulini.” Macho yake hayakumwacha Salha. “Huyu si mgeni. Huyu Mnyamwezi. Na Mnyamwezi hapiti Ugogo bila hongo. Babu zake walijua hivyo. Baba yake alijua. Yeye kapita msiba mzima bila kulipa.”

Salha alimpa jogoo. Mzee alimpima kwa mkono, akampuliza manyoya ya kifua, akamtazama chini ya mabawa yote mawili.

“Kakonda kama mpagazi aliyeachwa njiani. Haya, nimepokea. Lete la pili.”

Salha alisafisha koo. Kutoka mlango wa pili watoto wawili na mama mmoja walichungulia. “Wewe… wewe mzee ni mvivu.”

“Hilo ni tusi au salamu?”

“Nyie Wagogo mmezoea kuwauzia wapita njia maji ya Mungu.”

“Hilo alinitukana babu yako, nikamsamehe. Nimedai lako. Kwenye fomu nimeandika la haja.” Uso wa mzee haukuwa na mzaha hata kidogo, na Paskazia, kule kivulini, aliona kwamba mambo yangeweza kuharibika hapo. Mzee yule angewapa chai, angewapa hata mchele wa kwenda nao, na giya angebaki nayo.

Salha alisimama akitazama mikono ile myeusi. Kitambulisho cha wizara alikuwa amekisahau shingoni. Alikishika akakivua na kukitia mfukoni.

“Wewe mzee ni mwizi wa maiti,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kisha ikapanda. “Baba yangu hajafika hata kaburini, umeshamchomoa moyo kwenye mashine yake ukauficha uvunguni na viatu vyako vinavyonuka! Miaka thelathini na moja anakulisha, na kila jioni akirudi anasema, yule Mgogo ataniua kwa kelele. Haya, umemuua! Umekaa huku unanoa jembe ambalo hata hulimi. Na tangu umuue nyumba ile haina kelele, haina hata ya panya, nakaa peke yangu na makaratasi, nasaini, nasaini, mshenzi mkubwa wewe, kwa nini hukuja?”

Ng’ombe mmoja alilia mbali, majarubani. Mama wa mlango wa pili aliwavuta watoto ndani.

“Nilikuja,” alisema Mzee Batholomeo. “Siku ya arobaini yenyewe. Nilivaa koti. Nikakuta karatasi getini.”

“Ungekuja nyumbani!”

“Mtani haendi kwenye nyumba isiyomwita. Nilidhani mmenikataa.”

“Nilikuwa naona aibu,” alisema Salha, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta.

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kama fundi anayesikiliza mashine na kusikia mahali ilipokwama. “Hilo ndilo,” alisema. “Hilo ni tusi la haja. Swalihu mwenyewe hajapata kunipiga namna hiyo.” Akasimama, akaingia ndani.

Alirudi amekumbatia kitu kilichofungwa katika blanketi la mtoto mchanga. Alilifungua juu ya kigoda. Giya ililala pale, meno ishirini na manne, inang’aa mafuta, haina kutu hata chembe. Paskazia aliyahesabu meno, akaandika namba iliyochongwa ubavuni, akaifananisha na ile aliyoinakili kwenye mashine. Ilikuwa yenyewe.

“Kwa nini giya, mzee?” aliuliza. “Wenzako walichukua masufuria.”

“Sufuria ni la watani wa mtaani. Mimi nilikuwa mtani wake wa kila siku. Huchukui kitu ambacho nyumba haitakikosa. Nilimaliza kumfukia, nikaenda kuifungua peke yangu, na kile kitambaa bado kiko kichwani. Nilijua kabla ya msimu mtakuja tu.” Alimgeukia Salha, akaiinua giya kwa mikono miwili, akamwekea mikononi. Ilikuwa nzito, alimsaidia kuishika mpaka alipopata mizani. “Chukua mali ya baba yako. Nimelipwa. Utani wa msiba huu umekwisha.”

Alirudi kwenye kigoda, lakini hakukaa vizuri. Alikaa kama mzigo uliokatwa kamba.

“Mtani halii, unajua,” alimwambia Paskazia, akijaribu kutabasamu. “Msibani kila mtu ana kazi yake. Ya kwetu ni kuwachekesha wenye msiba. Hatulii mpaka tukombolewe. Nilizuia jeneza, nikacheza, nikamwita majina. Wakanipongeza. Miezi mitatu, mama. Miezi mitatu sijapata…”

Hakumaliza. Alijifunika uso kwa ile mikono isiyotakata, mabega yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyefiwa jana. Salha aliiweka giya juu ya blanketi. Akaketi chini kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini, akaegemeza kichwa kwenye goti la mzee, wakalia pamoja.

Paskazia aliibeba giya mwenyewe mpaka garini, magoti yakimtukana kila hatua, akaifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma. Simu ilikuwa na jumbe tano za Thobias. Mkutano ulikuwa kesho saa nne. Giya ilihitaji kufungwa leo, na hakuna aliyejua kuifunga isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alihitaji nusu saa ya kumlilia rafiki yake.

Akazima simu, akampa hiyo nusu saa.